Faida Iko Ndani ya Nta

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, nta ya nyuki ilianza kulainika pembeni mwa sufuria, na nyumba yangu ikanuka kama nyumba ya mama yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo. Mizani ilikuwa mezani, kipimajoto kilikuwa mkononi, na sufuria ndogo yenye nta ilikaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kwa kuwa nta haiwekwi moja kwa moja juu ya moto. Harufu ilipanda, ikapita mlangoni, ikaingia chumba cha nyuma ambako binti yangu Nabintu alikuwa anapanga glasi. Nilikaa kwenye kiti bila kusudi la kukaa.

Wazo la mishumaa yenye harufu ni la Nabintu. Anataka kuwauzia maharusi na nyumba za wageni kule ziwani. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta namna inavyofanywa, kama nilivyotafuta namna ya mambo mengine tangu shule iliponiachia njiani: nasoma, najaribu kidogo, naharibu kidogo, nasoma tena. Nilifikiri swali la kwanza lingekuwa harufu gani. Kumbe ni nta gani. Parafini ni rahisi kupatikana na inabeba harufu vizuri, ila utambi ukiwa mnene inatoa moshi mweusi. Nta ya soya ilitufikia kutoka Kigali ikiwa vipande vyepesi kama maganda. Ni laini mno, haisimami yenyewe, lazima iishi ndani ya glasi. Ile ya mawese ni nyeupe, ngumu, na ikipoa uso wake unajichora michirizi kama chumvi iliyokauka. Na ya nyuki, ya njano, tuliletewa kutoka Mumosho. Inawaka polepole kuliko zote, lakini ina tabia moja ambayo anayeanza hana budi kuijua: tayari ina harufu yake. Unaitia mafuta ya mchaichai, unakoroga, unangoja ipoe, unawasha, na kinachonuka ni nyuki. Nilikuwa nimelisoma hilo wiki nzima kabla. Kulisoma ni jambo moja.

Nabintu akatoka chumbani na kopo la maziwa ya unga, la zamani, lenye kutu kwenye mfuniko. Lilikuja na vitu vya mama yangu, ambaye Nabintu alimwita tate, baada ya maziko yake, na mimi sikuwa nimelifungua. Yeye alilifungua.

"Maman, na hii? Ni nta pia. Tuitie?"

"Non. Hiyo weka chini."

"Mais iko kidogo tu. Hata gramu mia haifike. Tuimalize."

"Weka chini, nimesema."

Akaweka. Alinitazama kwa mshangao, maana huwa sipazi sauti. Ndani ya kopo, juu ya kitambaa, kulikuwa na kipande cheusi kidogo cha pembe tatu. Sikuhitaji kukigeuza ili kujua upande wa chini kuna nini.

Tulikuwa tunakaa Cimpunda, katika nyumba iliyoshika mteremko, hivi kwamba bati la jirani lilikuwa sawa na kizingiti chetu. Baba alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Uvira, nasi tulimwona anapopita. Mama alitengeneza mishumaa. Mabaki ya mishumaa ya altareni aliyanunua kwa mtunza sakristia, parafini aliinunua kwa Mzee Salehe karibu na soko la Kadutu, na kalibu zake zilikuwa vikonyo vya majani ya mpapai, vile virefu vyenye tundu ndani, ambavyo baba alituletea kutoka Sange vikiwa vimefungwa kama kuni. Unaziba chini kwa udongo, unapitisha uzi, unamimina. Ikishapoa unamenya kikonyo kama muwa, na mshumaa unabaki mkononi, na alama za mmea bado ziko ubavuni mwake. Wakati huo hakuna aliyeiita mishumaa. Tuliita buji.

Nilikuwa na mdogo wangu, jina lake Faida. Huku kwetu ni jina la kawaida la msichana, kila barabara inao wawili au watatu. Huyu wetu alikuwa mtu wa kuvumavuma. Hakuimba, alivuma tu na mdomo umefungwa, akiosha vyombo, akipanda mteremko, hata akiwa karibu kusinzia. Na alitafuna kila kitu: mkia wa kalamu, kola ya gauni, uzi wa utambi. Jino moja la mbele la juu lilikuwa limetoka na jipya halijaota, na ndani ya pengo hilo alikuwa akiingiza ncha ya ulimi kila alipofikiri. Chini ya kitanda chetu, ndani ya gunia, kulikuwa na bonge la nta ya nyuki kubwa kama mkate, alilolileta mjomba kutoka Mumosho. Mama alikuwa akilitunza. Alitukataza kuligusa.

Homa ilimshika Faida siku ya soko. Mama alimbeba mgongoni, akateremka naye hospitali, na mimi mjomba akaja kunichukua hadi Mumosho. Huko nilichunga mbuzi na kusikiliza nyuki wake kwenye mizinga. Niliporudishwa nyumbani, godoro letu lilikuwa nje juani, limegeuzwa. Sahani ya Faida haikuwa kwenye rafu. Mama alikuwa amenyoa nywele. Nilimwuliza jirani yetu, Mama Cibalonza, mdogo wangu yuko wapi.

"Alitutangulia, mwanangu," akasema, akanipa muhogo wa kuchoma.

Kutangulia nilikujua. Mtu anatangulia sokoni na mzigo, weye unamalizia kufagia, halafu unamkuta huko. Kwa hiyo kwangu lilibaki swali moja tu: wapi. Nilitazama sokoni. Nilitazama kwenye chemchemi. Nyumbani hakuna aliyelitaja jina lake tena. Hata mimi mama aliacha kuniita kwa jina. Alisema "weye", kana kwamba jina moja likitamkwa mengine yataamka.

Basi siku moja mama alilitoa lile bonge chini ya kitanda, akajitwika kichwani, tukashuka wote wawili hadi kwa Mzee Salehe. Mzee huyu na mkewe, Mama Zuhura, walikuwa watu wa Uvira, na wazee wao walitoka pwani zamani. Kiswahili chao kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi watoto tulikwenda kununua chumvi hata kama haijaisha, ili tu tumsikie akisema "mtoto" pale sisi tunaposema "mutoto".

Mama aliliweka bonge juu ya kaunta. "Muzee, chukua hii, unipe parafini ya bei yake. Siku ya wafu iko karibu, na mutoto shule bado sijamulipia."

Mzee Salehe alilinusa, akalikwaruza kwa ukucha, akalisukuma kurudi kwake.

"Usiiuze, mama. Parafini peke yake utachoma kuni bure. Changanya hii kidogo kidogo, mishumaa yako itasimama hata kwenye upepo wa makaburini, na watu watakuja kwako." Akaligonga bonge kwa vidole viwili, kama mtu anayebisha hodi. "Faida iko ndani ya nta."

Mama aliinamisha kichwa. Alifunga gunia, na nilimwona akifuta uso kwa ncha ya kitenge. Ndipo nilipojua kwamba ni kweli. Mzee amesema, na mama amesikia, na mama analia. Tulipanda mteremko wa Cimpunda, yeye mbele na bonge kichwani, mimi nyuma, nikilitazama lisianguke.

Siwezi leo kueleza vizuri utulivu ulionishika. Nilikuwa nimeambiwa mahali alipo.

Tangu siku ile nililala nimelivuta bonge karibu nami. Nta ya nyuki si kama jiwe. Unaikumbatia kidogo tu, nayo inachukua joto lako na kukurudishia, na ukiweka shavu, shavu linabaki. Niliweka sikio. Ndani kulikuwa na mvumo, wa chini, usiokoma. Sasa najua kwamba ni damu ya mtu mwenyewe inayosikika hivyo sikio likizibwa, na kwamba ganda la konokono au kikombe kitupu kingenipa sauti ile ile. Nimelisoma hilo pia. Lakini Faida alikuwa akivuma kwa sauti yake, na alikuwa akipumzika mahali pale pale alipozoea kupumzika, kando yangu.

Kilichonitesa ni siku ya wafu. Mama angelikata bonge, angeliyeyusha, angelimimina kwenye vikonyo vya papai, na watu wa Kadutu nzima wangeondoka naye kipande kipande na kumwasha juu ya makaburi ya watu wasiomjua. Nilijaribu kumtoa mwenyewe. Nilichukua mpini wa kijiko nikachimba upande wa juu, tundu dogo, halafu nikaacha, kwa hofu ya kumchoma jicho. Kisha nikawaza kwamba aliyejua alipo ndiye anayejua anavyotolewa.

Mama aliponituma chumvi nilikimbia njia yote. Dukani kulikuwa na wateja wawili au watatu. Nilingoja zamu yangu.

"Muzee, nitamutoa namna gani?"

"Kumtoa nani?"

"Faida. Ulisema iko ndani ya nta."

Duka zima likacheka. Mwanamume mmoja mwenye gunia la sukari begani akapiga kaunta. "Muzee, ukimaliza ya huyu, unitolee na yangu! Ilizama ndani ya sukari tangu mwezi wa kwanza, hata mukono hauonekane!"

"Yangu waliila wanajeshi wa bariere ya barabarani," akasema mwingine. "Hiyo haitoke tena."

Mama Zuhura alikuwa amekaa nyuma, akichambua mchele. Yeye hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Mwanangu, Faida ni nani?"

"Ni mudogo yangu."

Yule wa sukari aliteremsha gunia lake taratibu sakafuni, ingawa hakuwa amefika kwake. Mzee Salehe aligeukia rafu na kuanza kupanga vibiriti vilivyokuwa vimepangwa. Mama Zuhura akanivuta kati ya magoti yake. Mikono yake ilinuka mchele.

"Nisikilize, mama yangu. Mtu huwa 'yuko'. Kitu ndicho kinachokuwa 'iko'. Mzee alisema iko. Alikuwa anasema habari ya kitu. Pesa. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri. Nikamjibu kwa adabu, maana nilimwonea huruma kwa kutojua.

"Kwetu Cimpunda, mutu pia iko."

Mama Zuhura aliinuka. Alinifungia chumvi mara mbili ya niliyolipia.

Nilipofika karibu na nyumba niliona moshi wa jiko la makaa uani. Sufuria ya parafini ilikuwa tayari imekaa kwenye maji yake. Mama alikuwa ameweka bonge juu ya ubao, gunia limefunuliwa nusu, na panga mkononi.

"Mama, usimukate!"

"Usimukate nani?"

"Faida! Iko ndani. Muzee Salehe alisema, na weye ulisikia, na ulilia!"

Chumvi ilikuwa imemwagika miguuni pangu. Mama alisimama na panga limeshuka kando ya kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lile ndani ya uwanja wetu tangu godoro lilipogeuzwa, na ni mimi niliyelisema, kwa kelele, hata Mama Cibalonza akatokeza kichwa juu ya ukingo. Nilingoja kofi. Halikuja.

"Muzee alisema faida ya kuuzisha," mama akasema. "Makuta, pesa. Faida yetu alikufa. Tulimuzika, weye ulikuwa Mumosho. Haiko fasi yoyote."

"Iko ndani. Ninamusikia."

"Unamusikia?"

"Anavuma."

Uso wa mama ulibadilika, na mpaka leo sijui kama ilikuwa hasira au kitu kingine. Alitupa panga chini, akalivua lile gunia lote kwa nguvu, akalishika bonge kwa mikono miwili na kulipindua mbele yangu.

"Haya. Angalia. Iko wapi? Nionyeshe! Iko wapi?"

Upande uliopinduliwa ulikuwa ule uliolala chini, ndani ya gunia, miezi yote, kwenye pembe iliyoelekea ukuta. Pembe ilikuwa imetafunwa. Si na panya, panya anakwaruza. Kulikuwa na mstari wa meno madogo, chini na juu, yamezama wazi kama muhuri, halafu mwingine umepanda juu yake, na mwingine tena pembeni, wa mtu aliyerudi mara nyingi kwa siri. Katika kila mstari wa juu, mahali pamoja, palikuwa na uvimbe mdogo wa nta ambao haukuguswa. Pale palipokosa jino.

Mama aliweka kidole cha shahada kwenye uvimbe ule. Halafu akakaa chini, juu ya chumvi.

"Nilimukataza," akasema. "Nilimukataza kula nta. Nilimukataza mara ngapi, huyu mutoto."

Alikuwa anacheka. Mama Cibalonza aliruka ukingo na kuja kumshika, kwa sababu kicheko kile hakikuishia mahali vicheko vinapoishia. Mimi nilisimama pale nikiwa na ushindi wangu. Nilikuwa nimesema yuko ndani, na alikuwa ndani. Nilingoja tu mama amalize kulia ili amtoe aliyebaki.

Alichokifanya, alipoweza kusimama, ni kukata ile pembe, polepole, mbali na alama, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka ndani ya kopo la maziwa. Bonge lililobaki alilikatakata na kulitia sufuriani. Hakuwa na namna nyingine, na siku ya wafu haikungoja mtu. Sikulia tena. Nilichuchumaa karibu na jiko, nikatazama vipande vikizama kimoja kimoja hadi sufuria nzima ikawa mafuta ya rangi ya chai. Vikaelea juu mabawa ya nyuki, vumbi, kipande cha jani. Mama alivikusanya kwa kijiko, na nilimwomba, kabla hajavimwaga, niviangalie kwanza. Alinipa kijiko. Niliviangalia kwa makini. Kisha nikamrudishia.

Buji zile zilisimama kwenye upepo kama Mzee Salehe alivyosema. Jioni ya siku ya wafu nilikwenda na mama makaburini kwa mara ya kwanza, nikaonyeshwa kilima kidogo cha udongo. Makaburi yote yaliyotuzunguka yalikuwa yanawaka, na hewa yote ilinuka chini ya kitanda chetu. Nilizunguka kati ya watu nisiowajua, nikiinama kwenye kila mshumaa wa njano ili nisikilize. Mwali una sauti ndogo ukiusogelea. Mama aliniacha. Hakuniita hadi ilipoanza kumalizika.

Shule ililipiwa. Lakini tangu hapo, mama yangu aliuza mishumaa, halafu maharage, halafu vitenge, miaka mingi, na sikumsikia hata siku moja akisema neno faida kwa habari ya pesa. Alisema "benefisi", kwa Kifaransa chake kidogo, au alisema "ile inabakia". Wateja walidhani anajikweza. Mimi nilikua, nikajifunza sarufi peke yangu kwenye kitabu kisicho na jalada, na siku nilipofika kwenye sura inayotenganisha "yuko" na "iko" nilikifunga kitabu nikatoka nje. Mama Zuhura alikuwa amesema kweli. Ningependa kumwambia kwamba mimi pia sikuwa nimekosea kabisa.

Jumamosi ile, nta ya nyuki ilipokwisha kuyeyuka yote, niliizima, nikaifunika. Nilimwambia Nabintu kwamba kwa mishumaa yenye harufu tutatumia ya mawese. Inakubali mchaichai, haitoi moshi, na haina la kwake la kusema. Ile ya nyuki tutaitengenezea mishumaa mitupu, kwa anayeitaka kama ilivyo. Aliuliza sababu, nikampa sababu za kipimajoto, zote za kweli. Sababu nyingine sikumpa. Alikuwa hajui hata kwamba aliwahi kuwa na mama mdogo.

Wiki tatu baadaye bibi harusi mmoja alichukua mishumaa yote. Nabintu alirudi akiwa amechangamka, akatoa gharama za nta, glasi, mafuta na makaa, akaenda jikoni kupika. Mimi nilikuwa ninafuta mizani.

"Nabintu, faida iko wapi?"

"Iko ndani ya kopo, Maman," akajibu kutoka jikoni. "Ile ya zamani ya tate. Sikuona fasi ingine."

Nilibaki na kitambaa mkononi. Kisha nikalifuata kopo, nikalifungua. Aliziviringisha noti kando ya kipande cha nta, kwa uangalifu, zisikiguse, na bado zilikuwa zimeshaanza kunuka nyuki. Nilimwita. Alikuja anajipangusa mikono, nikakipindua kile kipande, nikamshika kidole cha shahada, nikakiweka kwenye ule uvimbe mdogo, kati ya alama za meno.

"Hii nini, Maman?"

Nilimwambia jina. Halafu nilitoa noti nikazihesabu mezani, moja juu ya nyingine, na yeye kidole chake hakukiondoa. Franka elfu ishirini na saba.